Masizi ya banda la samaki: yanapita wapi puani, yanaishia wapi kifuani

Mama mmoja anayekausha samaki Igombe, wilayani Ilemela, ameniandikia hivi:

"Shikamoo daktari. Nabanika sangara na kamongo kwa moshi tangu sijaolewa. Jioni nikipenga, kamasi ni jeusi tii. Asubuhi nakohoa kohozi la rangi ya majivu. Mume wangu ananiletea maziwa kila siku, anasema yanaosha kifua. Mwanangu wa kidato cha tano kaniambia ndani ya pua kuna vinywele vinavyosafisha hewa, nami kumbe miaka yote nilikuwa navikata kwa mkasi. Halafu jambo la ajabu: nikienda kwetu Ukerewe kupumzika, kikohozi ndiyo kinazidi. Na siku hizi samaki akianza kuharibika, binti yangu ndiye anayenusa kwanza, mimi sisikii kitu. Je, haya masizi yanakwenda wapi? Pua yangu imeshaungua?"

Marahaba mama. Naanza na masizi. Mengi yanayonasa kwenye ute unayameza bila kujua, yanatoka kwa njia ya choo. Machache unayapenga. Yale madogo kabisa, ambayo kwenye leso hutayaona, ndiyo yanayofika chini ya mapafu, na baadhi yake yatakaa huko hadi mwisho wa maisha yako. Kwa hiyo kamasi jeusi peke yake halinitishi, maana ni masizi yaliyokamatwa mlangoni. Ninayoyawazia zaidi ni mambo mawili uliyoyataja kwa kupita: kohozi la kila asubuhi, na harufu.

Mimi kazi yangu ni hadubini. Kipande kidogo cha mwili kinakatwa kwa unene wa mikromita 4 au 5 (mikromita 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kinapakwa rangi ya zambarau inayoshika viini vya seli na ya waridi inayoshika sehemu nyingine, kisha naketi kutazama. Kwa hiyo nitakujibu kwa kukuonyesha kinachoonekana huko, kuanzia tundu la pua kwenda chini.

Sentimita moja na kitu ya mwanzo, pale kidole kinapofika, ni ngozi tu kama ya usoni. Tabaka juu ya tabaka za seli bapa, za juu kabisa zikiwa zimekufa na kukauka. Kuna tezi za mafuta, tezi za jasho na nywele. Nywele hizo ndizo ulizokuwa unazikata. Zinazuia majivu yanayorukaruka na wale wadudu wa ziwani wanaotanda jioni, lakini mbele ya moshi hazina nguvu yoyote, chembe za moshi zinapita katikati yake bila kugusa kitu. Zinazotokeza nje punguza ukitaka. Usizing'oe, maana shina la unywele likijeruhiwa hapo huota jipu, na jipu la pua ni baya.

Alichokisoma kijana wako ni kitu kingine kabisa, na mkasi haukifikii. Ukivuka hiyo sehemu ya ngozi, ukuta unabadilika: unakuwa laini, mwekundu, wenye unyevu saa zote. Kwenye hadubini seli zake zinaonekana kama zimepangwa safu tatu nne, kwa sababu viini vingine viko juu na vingine chini bila utaratibu. Ni udanganyifu wa macho. Kila seli imekanyaga utando uleule wa chini, ila si kila moja inayofika juu. Wanafunzi wanaangukia hapo mwaka baada ya mwaka, wanaandika "tabaka nyingi" na wanakosa alama.

Zile ndefu zinazofika juu, nyingi zimebeba silia. Silia ni nyuzi hai. Seli moja ina kati ya 200 na 300, kila mmoja una urefu wa mikromita 6 hivi na unene wa robo ya mikromita. Kwenye upana wa unywele mmoja wa kichwani zingepangika zaidi ya 200, bega kwa bega. Na wakati unywele ni kitu kilichokufa, silia ina mashine ndani. Ikikatwa kwa upana na kutazamwa kwa hadubini ya elektroni, unaona jozi tisa za mirija midogo zimezunguka duara, na mirija miwili katikati. Jozi za pembeni zina mikono ya protini iitwayo daineini. Mikono hiyo inasukuma jozi moja iteleze juu ya jirani yake, na silia nzima inapinda.

Nitoke kando kidogo, maana jambo hili silichoki. Kuna watu wanaozaliwa bila mikono hiyo, au inayo hitilafu. Wanaugua mafua, sinusi na kikohozi tangu utotoni, na karibu nusu yao moyo uko upande wa kulia. Mwaka 1933 daktari wa Zürich, Manes Kartagener, alieleza wagonjwa wenye mambo hayo kwa pamoja bila kujua yanaunganishwaje. Ilichukua hadi 1976, Björn Afzelius wa Stockholm alipoonyesha kwamba silia zao hazina mikono ya daineini. Mkia wa mbegu ya kiume umejengwa kwa mpangilio huohuo, ndiyo maana wanaume wengi wa namna hiyo wanapata shida ya kuzaa. Wewe hapo ulipo silia zako ziliumbwa salama, usiwe na shaka; mtu mwenye hitilafu hiyo hangefika umri wako ndipo aanze kuuliza.

Silia zinapiga mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Umewaona wavuvi wakipiga kafi: kafi linazama, linasukuma maji, kisha linarudi likiwa limeinuliwa hewani ili lisiurudishe mtumbwi nyuma. Silia nayo inafanya vivyo hivyo, ila juu imekuwa chini. Inasukuma ikiwa imenyooka, ncha yake imegusa ute mzito ulioelea juu; inarudi ikiwa imejikunja chini, ndani ya maji mepesi yaliyo kati ya ute na seli. Maji hayo kina chake kinakaribia urefu wa silia iliyonyooka, pungufu kwa kiasi kidogo mno, ndiyo maana ni ncha tu inayougusa ute. Yakipungua, silia zinanasa kwenye ute. Hewa ya moto na kavu ya tanuri, ukiivuta umeinama usiku kucha, inayanyonya.

Ute wenyewe unatoka kwa seli zilizochomoza kati ya zile za silia, zimejaa hadi zimevimba juu, na pia kwa tezi zilizo chini ya ukuta. Chini huko kuna kitu kingine: mishipa mipana ya damu inayojaa na kupungua kwa zamu, pua ya kulia kisha ya kushoto, kwa saa kadhaa. Wengi wanaokuja kulalamika kwamba pua moja inaziba halafu inahamia upande wa pili, wanaeleza mwili wenye afya.

Chembe ya masizi ikigonga ute inagandama, safari inaanza. Ute wa pua unatembea milimita 5 hadi 10 kwa dakika. Madaktari wa masikio, pua na koo wana kipimo rahisi cha kuujaribu: wanaweka punje ya sakarini mbele ndani ya pua, mgonjwa anakaa kimya, na wanasubiri aseme amesikia utamu kooni. Kwa kawaida haipiti dakika 20 hivi. Ikifika nusu saa hajasikia kitu, silia hazifanyi kazi ipasavyo. Hapo angalia mwelekeo: utamu unafika kooni, kwa sababu sehemu kubwa ya ute wa pua inakwenda nyuma, na ni kipande kidogo tu cha mbele kinachosukuma kuja nje. Unachokipenga jioni kimetoka kwenye kipande hicho cha mbele. Mengine yote yalikwisha teremka kooni mchana kutwa ukameza pamoja na mate.

Maziwa nayo yanapita njia hiyohiyo ya kumeza, kwenye umio, hadi tumboni. Hayagusi njia ya hewa hata tone, na siku yakigusa utapaliwa. Baba aendelee kuyaleta, ni chakula kizuri, ila yasihesabiwe kuwa dawa ya moshi.

Kooni na kwenye nyuzi za sauti hakuna silia, seli zinarudi kuwa bapa za tabaka nyingi, maana hapo kuna kusuguana. Hatukai.

Chini yake, siku ukipita buchani mwombe muuza nyama akuuzie pafu la mbuzi likiwa na bomba lake la hewa. Lipapase. Utahisi pingili za gegedu, moja baada ya nyingine. Binadamu tunazo 16 hadi 20. Hazikufunga duara. Upande wa nyuma, unaolalia umio, ni nyama laini, ili tonge likipita pawe na nafasi ya kutanuka. Lichane kwa urefu: ndani panateleza na kung'aa. Ule ni ukuta uleule wa puani, silia zilezile na seli za ute zilezile, tofauti ni kwamba hapa ute unapanda. Unaletwa juu hadi kooni, unamezwa.

Endelea kufuata bomba kuingia ndani ya pafu. Pingili zinavunjika kuwa vipande vipande, vipande vinapungua, na kufikia matawi yenye upana wa milimita moja gegedu limekwisha. Hizo ni bronkioli. Zimezungukwa na misuli, hazina mfupa wala gegedu la kuzishikilia zibaki wazi, ndiyo sababu mwenye pumu anabanwa hapo. Tezi nazo hazipo tena, silia zinazidi kuwa chache na fupi, na mwisho unafika kwenye vifuko vya hewa: mamia ya milioni, kila kimoja na upana wa sehemu ya tano ya milimita. Kata kipande cha pafu ukitupe kwenye beseni la maji, kitaelea. Ukuta unaotenganisha hewa na damu pale palipo pembamba haufiki hata mikromita moja.

Humo silia hakuna kabisa. Kungekuwa na silia na ute, hewa ingepenyaje? Usafi umeachiwa makrofaji, seli zinazotambaa na kumeza chochote kigeni. Bakteria akimezwa, makrofaji zinamsaga. Masizi hazisagi, ni kaboni, zinabaki nayo tumboni. Nyingine zinapanda hadi kwenye bronkioli, zinadakwa na ute na kutoka. Hizo ndizo zinalipa kohozi lako rangi ya majivu. Nikilipaka kohozi la mbanika samaki kwenye kioo, naona seli za duara zimejaa punje nyeusi, nyingine hadi kiini hakionekani. Nyingine zinaondoka na mzigo kwenda kwenye tezi za limfu, au zinafia palepale. Kwa hiyo mapafu ya mtu mzima aliyepikia kuni maisha yake yote, yakifunguliwa, yana michirizi myeusi juu. Kuwa nayo hiyo si ugonjwa. Ugonjwa ni wingi wake, na makovu yanayofuata.

Kamongo unayembanika, kwa taarifa yako, naye ana mapafu, mawili, na kuta zake za ndani zimegawanyika vyumba vyumba. Umeshayatoa mara nyingi ukidhani ni matumbo tu. Akizuiwa asipande juu kuvuta hewa, anakufa humohumo majini.

Sasa, pua imeungua? Moshi wa miaka haupiti bure. Seli za ute zinaongezeka, tezi za chini zinanenepa, seli za silia zinapungua na zilizobaki zina silia fupi. Kazi ni nyingi, wabebaji wachache. Ukiendelea zaidi, mahali fulani ukuta unaacha kabisa kutengeneza seli za silia na kuweka seli bapa ngumu, zinazovumilia moshi lakini haziwezi kusukuma ute hata kidogo. Hapo kikohozi kinabaki njia pekee. Usiku umelala hukohoi, ute unajikusanya, asubuhi unautoa kwa mkupuo. Kohozi lako la alfajiri naliona hivyo, isipokuwa kipimo kiseme vingine.

Habari njema iko chini kabisa ya ukuta. Zile seli fupi zisizofika juu ni mbegu. Ukuta ukiharibika, zinagawanyika na kuujenga upya. Moshi ukikoma, kwa wiki na miezi silia zinarudi, na hata sehemu nyingi zilizokuwa bapa hugeuka. Ukerewe, mbali na banda, silia zinaanza kufufuka na kuyapandisha yaliyokuwa yamelala. Wavuta sigara wengi wanaoacha hulalamika vivyo hivyo: wiki za mwanzo wanakohoa kuliko walipokuwa wanavuta. Kwa hiyo ukiwa kwenu usikimbilie dawa ya kuzima kikohozi. Ila sehemu zilizogeuka zikiendelea kupigwa moshi miaka na miaka, baadhi ya seli huanza kukua vibaya. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka moshi wa kuni wa majumbani kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu. Shirika hilohilo linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 mwaka 2020.

Harufu ni habari ya paa la pua. Kuna kieneo kidogo huko juu, sentimita za mraba chache tu, ambapo seli za kunusa ni neva halisi, ncha zake zimetokeza nje zikakutana na hewa. Hakuna mahali pengine mwilini ubongo unatuma neva zake nje wazi namna hiyo. Kwa kuwa zinaumia, zinabadilishwa kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Kwa watu wazima, na zaidi kwa waliokaa kwenye moshi, nakuta viraka ambapo ukuta wa kunusa umetoweka na nafasi yake imechukuliwa na ule wa kawaida wa silia. Viraka hivyo huenda visirudi. Lakini mara nyingi neva ni nzima, ukuta wa chini ndio umevimba na hewa haifiki juu, na hilo linatibika. Tena kuna kuzoea tu: pua inayoshinda na harufu ya samaki inaacha kuitangaza. Jipime ukiwa Ukerewe, siku kadhaa baada ya kutoka bandani, kwa ganda la chungwa na kahawa, pua moja moja. Usipovisikia huko, nenda kliniki ya masikio, pua na koo, hospitali ya Bugando ipo. Na samaki mkague kwa matamvua na macho, usiitegemee pua yako tena.

La kufanya sasa. Kanga unayojifunga usoni inazuia majivu. Matundu ya kitambaa ni makubwa mara mia kuliko chembe za moshi zinazofika kwenye vifuko, ukilowesha au usipolowesha. Barakoa za N95 zinazuia, kama zimebana uso vizuri, lakini najua joto la tanuri na najua bei yake, sitakudanganya kwamba utaivaa usiku mzima. Kinachosaidia zaidi ni kutoka kwenye njia ya moshi. Mchana upepo mara nyingi unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Simama upande unakotoka, na kama banda lina kuta zilizoziba, bomoa ule unaokabili upepo na ule wa mkabala wake. Kuni mbichi zinatoa moshi mara dufu. Geuza samaki moto ukiwa umetulia, usifunue na kuinama papo hapo. Tanuri lenye mfuniko na bomba la moshi lingekuwa bora kuliko vyote, kikundi chenu kikiweza kuchangishana.

Kusafisha pua kwa maji ya chumvi baada ya kazi kunasaidia. Chemsha maji, yapoe, lita moja kwa kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi. Maji ya ziwa usiyapandishe puani kamwe, hata yakiwa meupe kiasi gani. Wala usipake mafuta ya kula au samli ndani ya pua kama wengine wanavyofanya: mafuta yanateleza hadi mapafuni bila kukukohoza, makrofaji yanayameza yakabaki nayo, na unapata nimonia isiyosikia dawa. Ugoro nao acha, kama unautumia.

Kabla ya yote hayo, kwa sababu kikohozi chako kimepita wiki mbili, peleka kohozi likapimwe kifua kikuu. Kwenye vituo vya serikali kipimo ni bure. Sukutua mdomo kwa maji kwanza, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kohoa kutoka ndani, tema kwenye kopo. Maabara wanaweza kutambua kwa hadubini: kopo likijaa seli bapa za mdomoni, hayo ni mate na wanaweza kukurudisha, wakiona makrofaji yenye punje nyeusi, wanajua umelitoa kifuani kweli.